Malezi Kabla ya Masomo: Karne Mbili za Mlezi na Kijana

Tarehe 9 Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yaliiteketeza Nidwalden, nchini Uswisi, na kuacha yatima wengi. Serikali mpya ya Uswisi ikamkabidhi mwanaelimu Johann Heinrich Pestalozzi jengo la watawa mjini Stans, na Januari 1799 akaanza kupokea watoto. Walifika na upele, chawa na hofu, na haukupita muda wakawa wapatao 80. Msaidizi wake alikuwa mtunza nyumba mmoja tu. Pestalozzi mwenyewe alikula walichokula watoto, akalala walipolala, akawauguza, na juu ya hayo akawafundisha kusoma. Mwezi Juni jeshi likalitaka jengo liwe hospitali, kazi ikakoma. Hata hivyo, barua aliyoandika kuhusu miezi hiyo mitano ilidai jambo ambalo shule za wakati ule hazikulijali: mtoto humwamini mtu kwanza, ndipo aamini anachofundishwa.

Karne ya 19 ilileta viwanda, na viwanda vikavuta mijini vijana wasio na wa kuwaangalia. Huko Turin, kuanzia mwaka 1841, padri Giovanni Bosco aliwakusanya vibarua na waashi wachanga, na mwaka 1846 akapata banda la kudumu katika mtaa wa Valdocco. Mfumo aliouandika mwaka 1877 ulijengwa juu ya akili, dini na upendo. Katika barua ya mwaka 1884 aliwaonya walezi wenzake kwamba kumpenda kijana hakutoshi, sharti kijana mwenyewe auone upendo huo. Kwa hiyo mlezi asiyeshuka uwanjani wakati wa michezo amekwisha kuwa mbali.

Upendo peke yake, hata hivyo, waweza kugeuka ubabe wa mtu mwema. Aliyeliona hilo vizuri kuliko wengine ni Janusz Korczak, daktari wa watoto aliyefungua Nyumba ya Mayatima mjini Warsaw mwaka 1912 pamoja na Stefania Wilczyńska. Humo watoto walikuwa na mahakama yao. Mahakimu walikuwa watoto, sheria zake nyingi zilikuwa za kusamehe, na Korczak mwenyewe alipata kushtakiwa mbele yao. Agosti 1942 Wanazi waliwachukua watoto wapatao 200 kuwapeleka Treblinka. Korczak alikuwa amepewa nafasi za kujiokoa, akazikataa, akaenda nao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, suala la malezi likaingia mikononi mwa serikali na watafiti. Ripoti ya Albemarle ya mwaka 1960 iliipa Uingereza huduma ya vijana yenye fedha na wafanyakazi waliosomea kazi hiyo, na katika miaka hiyohiyo wakatumwa watu mitaani na kwenye migahawa kuzoeana na vijana wasiokanyaga klabu yoyote. Kisiwani Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Theluthi moja ya waliokulia katika hali ngumu mno waliibuka watu wazima imara, na mara nyingi kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kuchoka, awe bibi, jirani au mwalimu. Mwaka 1984 mwanafalsafa Nel Noddings akaijenga nadharia yake ya maadili na elimu juu ya kujali.

Kwetu Afrika Mashariki hayo hayakuwa mageni: kungwi hakumwacha mwari siku ya kutoka ndani, bali aliendelea kuwa mshauri wake hata ndoani. Miaka ya 1980 Wasalesiani, shirika alilolianzisha Bosco, walifika Tanzania na Kenya na kuanzisha vyuo vya ufundi na vituo vya vijana. Lakini shule zetu zilirithi mitihani na fimbo kutoka kwa ukoloni, na upanuzi mkubwa uliofuata uhuru uliongeza madawati haraka kuliko ulivyoongeza walezi.

Kwa hiyo wanaopanga bajeti za elimu wasiishie kuhesabu madarasa na vitabu. Waajiri walimu wa kutosha, na katika ratiba wamwachie mwalimu saa za kukaa na wanafunzi wake, kwa maana hakuna mtu awezaye kumlea kijana ambaye hata jina lake halijui.