Doria, Daftari na Maziwa ya Cajamarca

Wakulima wa Cajamarca, kaskazini mwa Peru, walianza kushika mamlaka mikononi mwao kwa sababu ya ng'ombe, miaka mingi kabla ya ugomvi wa dhahabu. Mwizi wa mifugo alipelekwa polisi, na siku chache baadaye alionekana tena sokoni. Desemba 1976, wanakijiji wa Cuyumalca, Chota, wakaunda kundi la doria la usiku, na vijiji vingine vikafuata. Mwizi aliyekamatwa alizungushwa kijiji hadi kijiji akilinda zamu pamoja nao, kisha akasimamishwa mbele ya mkutano wa hadhara. Maafikiano yaliandikwa kwenye daftari, yakatiwa saini au alama ya kidole na kupigwa muhuri. Daftari na muhuri ni vyombo vya serikali. Wakulima walivichukua kwa sababu waliamini utawala unastahili kuwepo, na wao hawakuupata.

Katiba ya 1993 ilizitambua doria hizo. Mwaka huohuo mgodi wa Yanacocha ulianza kutoa dhahabu. Juni 2000, lori lililotoka mgodini lilimwaga takriban kilo 150 za zebaki barabarani karibu na Choropampa. Watu waliiokota kwa mikono wakidhani ina thamani, na mamia wakaugua. Mwaka 2004 maelfu walifunga njia ya mgodi kuulinda mlima Quilish, chanzo cha maji yao, mpaka kampuni ikaacha kuuchimba.

Mtihani mkubwa ulikuwa mradi wa Conga wa kampuni hiyohiyo, wa dola bilioni 4.8. Maziwa mawili, Perol na Mala, yangekaushwa ili kuchimbwa. Mengine mawili, Azul na Chica, yangefunikwa na vifusi. Kampuni iliahidi mabwawa badala yake. Kwa mkulima, bwawa lenye ufunguo mkononi mwa kampuni haliwezi kuwa sawa na ziwa linalolisha chemchemi zake. Ollanta Humala, akiomba kura Bambamarca, alikuwa ametanguliza maji. Alipokuwa rais alisema nchi inataka maji na dhahabu pia. Desemba 2011, maandamano yalipozidi, akatangaza hali ya dharura, na Julai 2012 watu watano waliuawa Celendín na Bambamarca. Polisi walikuwa wakiruhusiwa kisheria kulinda migodi kwa mikataba ya malipo, jambo lililowafanya wakulima wawaone kama walinzi wa kampuni. Doria zikahamia kwenye maziwa, na wanadoria wakalala huko juu kwenye baridi kwa zamu. Mwaka 2016 kampuni ya Newmont, mmiliki mkuu wa Yanacocha, ilieleza kwamba haitarajii kuuendeleza mradi wa Conga kwa siku za karibuni.