Mwigizaji Kaburini, Mwigizaji Jukwaani

Machi 1730, mjini Paris, alifariki Adrienne Lecouvreur, nyota wa Comédie-Française, kundi la maigizo la mfalme lililoundwa mwaka 1680. Kwa miaka mingi Paris ilikuwa imelia naye kila alipoigiza majonzi ya malkia wa kale. Siku ya kuliliwa yeye mwenyewe ilipofika, paroko wa Saint-Sulpice alikataa kumzika. Kanisa la Ufaransa lilimhesabu mwigizaji kuwa mtu aliyetengwa, asiyestahili sakramenti mpaka aikane kazi yake. Maiti ikatolewa usiku, ikafukiwa karibu na mto Seine bila sala wala alama. Voltaire, aliyekuwa rafiki yake, aliandika shairi la hasira kuhusu tendo hilo. Oktoba mwaka uo huo, London, mwigizaji Anne Oldfield alizikwa Westminster Abbey, na Voltaire hakuwaacha Wafaransa wenzake wasahau tofauti hiyo.

Mbukusu akisimuliwa kisa hiki lazima ashangae. Kwao Bungoma, magharibi mwa Kenya, na kwa Wabukusu wengi walioko upande wa Kitale, msanii wa kusimama mbele ya umati hafukuzwi matangani. Anatumiwa wajumbe aje. Mzee mwenye heshima, mwenye wajukuu, akishazikwa, watu hukusanyika kwa kumuse, kikao cha kumuaga kwa maneno, na omuswala kumuse, msemaji wa kikao hicho, huingia. Huvaa joho la ngozi na kofia ya kimila, mkononi ana fimbo. Umati hukaa na kumwachia njia katikati, naye huenda na kurudi akinena kwa saa nyingi. Husimulia safari ya Wabukusu tangu Misri hadi miteremko ya Mlima Elgon, hutaja koo na watu wake, hukumbusha maneno ya manabii. Kisha huwageukia walio hai: ndugu waliogombania shamba, vijana wanaokunywa urithi, wazee waliokaa kimya palipohitaji kusema. Mtu hakatizi njia yake. Marehemu Manguliechi, aliyekuwa gwiji wa kazi hii, alijulikana kote Bungoma na hata wataalamu wa fasihi simulizi wa vyuo vikuu walimfuata.

Wapo watakaosema kumuse si uigizaji, ni ibada. Naona mpaka huo si mgumu kiasi hicho. Omuswala ana vazi la kazi, ana eneo lake, ana mwendo aliojifunza, ana sauti ya kupanda na kushuka, na ana hadhira inayojua pa kuitikia. Anayoyafanya kwa fimbo yake, mwigizaji wa Paris aliyafanya kwa upepeo na pindo la gauni. Tofauti kubwa iko katika thamani waliyopewa na jamii zao. Ufaransa ilimlipa mwigizaji ikamnyima kaburi. Wabukusu walimkabidhi msanii wao kaburi lenyewe, kwa maana kwamba bila neno lake mzee hajaagwa ipasavyo.

Lakini omuswala ni mwanamume. Mwanamke wa Kibukusu alikuwa na sanaa nyingi: hadithi za usiku jikoni, nyimbo za harusi, maombolezo, na vigelegele na nyimbo za Agosti ya miaka inayogawika kwa mbili, vijana wanapokwenda tohara. Sauti yake ilisikika kila mahali ila katika njia ile iliyo katikati ya umati, ambako neno la mtu mmoja huwafunga wote mdomo. Ufaransa ilimpa mwanamke jukwaa mapema, ikachelewa sana kumpa heshima. Kwetu heshima ya msanii ilikuwapo tangu zamani, na mwanamke hakugawiwa.

Hapo ndipo maisha ya Sarah Bernhardt yanaponivutia. Alizaliwa Paris mwaka 1844, mama yake akiishi kwa fedha za wanaume matajiri. Alisomeshwa na watawa, kisha akapelekwa shule ya maigizo. Mwaka 1862 aliingia Comédie-Française, na wahakiki hawakuona cha ajabu. Muda si muda akampiga kofi mwigizaji mkongwe katika ugomvi, ikabidi aondoke. Alijengeka upya katika jumba la Odéon. Vita vya 1870 vilipoizingira Paris, aligeuza jumba hilo kuwa hospitali ya askari majeruhi. Mwaka 1872 Comédie-Française ilimrudisha, na mwaka 1880 akaiacha tena kwa hiari yake, akazunguka Marekani na dunia akiwa bosi wa kundi lake mwenyewe. Mwaka 1899 alikuwa na jumba lenye jina lake, na humo akaigiza Hamlet, mwana wa mfalme, akiwa mwanamke wa miaka 54. Mwaka uliofuata pambano la panga la mchezo huo lilinaswa kwenye filamu. Mguu wake wa kulia ulikatwa mwaka 1915. Akaenda kuwaigizia askari vitani akibebwa kwenye kiti. Alipofariki Machi 1923 alisomewa misa, na umati ulijaa barabarani kumsindikiza hadi makaburi ya Père Lachaise. Kati ya usiku wa Lecouvreur na siku hiyo ilikuwa imepita miaka 193.

Wanawake wa Bungoma na Trans Nzoia walipitia mlango mwingine: shule. Tamasha za kitaifa za drama, zilizoanza mwaka 1959 na ambazo sasa zina filamu pia, zimemfanyia msichana wa magharibi mwa Kenya jambo ambalo mila haikulifanya. Ukitoka Webuye kuelekea Kitale unapita Lugulu na Misikhu, palipo na shule kubwa za wasichana, kabla ya kufika Kiminini. Shule ya wasichana haina wavulana wa kuazima. Kwa hiyo mama mkwe ni msichana, na chifu ni msichana, na mzee mlevi mwenye kitambi cha mto wa kulalia ni msichana. Hamlet wa Bernhardt aliwashtua watu wengi wa Ulaya. Hapa, kwa lazima tu ya orodha ya darasa, binti wa miaka 16 hushika fimbo ya mzee na kukemea ukumbi mzima, nao unamsikiliza. Nakiona kitendo hicho kuwa kikubwa kuliko tuzo yoyote wanayoshindania.

Wenye mamlaka nao wamekiona. Mwaka 2013 tamthilia ya shule ya Butere Girls, Shackles of Doom, ilipigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaiondolea marufuku hiyo. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika Nakuru na Echoes of War, iliyoandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Mahakama ilikuwa imeamuru waigize. Mwandishi wao akakamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi nje, na wasichana wakaingia ukumbini wasikute hadhira wala vyombo vya sauti. Waliimba wimbo wa taifa, wakatoka. Paroko wa Saint-Sulpice alimnyima Lecouvreur sala akiwa amekufa. Watoto hawa walinyimwa watu wa kuwasikiliza wakiwa hai, na waliondoka wima jinsi omuswala anavyoondoka nyumba isiyotaka kusikia.

Linaloniuma zaidi, hata hivyo, ni la kawaida na halifiki kwenye magazeti. Bernhardt alianza akiwa na miaka 17, akashindwa, akafukuzika, akarudi, akazeeka jukwaani, na alikuwa katikati ya filamu alipofariki akiwa na miaka 78. Aliyenusurika hivyo kwetu ni mmoja mmoja, kama Mary Khavere, Mama Kayai wa kipindi cha Vitimbi, aliyeonekana kwenye runinga ya taifa kwa miongo. Msichana wa Lugulu au wa Kitale huigiza mara ya mwisho akiwa na miaka 17 au 18, umri ambao mwenzake wa Paris alikuwa ndio kwanza anaingia kazini. Hupewa cheti, hufanya mtihani, na akitaka kuendelea hana budi kupanda basi la Nairobi, liliko Jumba la Kitaifa la Maigizo tangu 1952. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kuajiri kundi dogo la waigizaji, wanawake kwa wanaume, wenye mshahara na malipo ya uzeeni, wanaozunguka kutoka Kimilili hadi Endebess, na kuwaacha waboronge miaka mitano ya kwanza kama alivyoboronga Bernhardt.