Mshahara wa Kapera

Mwaka jana, siku moja mwisho wa mwezi, nilikaa kitandani na kalamu nikapiga hesabu. Kodi ya keja. Unga na mboga. Gesi. Tokeni za stima. Bando. Nauli ya kwenda kutafuta kazi na ya kurudi bila hiyo kazi. Sabuni. Nilipojumlisha nilikuta nimebaki na mia nane, na hiyo mia nane nikanunua tikiti ya kwenda kuona bendi ikipiga Jumamosi.

Dada yangu mkubwa, ambaye alinilipia nusu ya karo kabla sijaacha chuo mwaka wa tatu, alipopata habari hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Deni la chuo liko palepale. Hiyo raha unaitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilienda, nikacheza, nikarudi kwa miguu, na swali bado liko kichwani. Na kwa vile mimi hukimbilia vitabu vya historia kila maisha yakinilemea, nilianza kusoma kuhusu watu waliofika Nairobi kabla yetu, na hesabu waliyopigiwa. Nasema waliyopigiwa, maana hawakuipiga wao.

Nairobi ya mkoloni haikutaka Mwafrika aishi hapa. Ilitaka afanye kazi hapa, halafu arudi kwao. Sheria ya kipande iliandikwa mwaka wa 1915, na vita vilipoisha ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipigwa alama za vidole, akapewa karatasi yenye jina lake na historia ya kazi zake. Wengi waliibeba ndani ya kijikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Ukitoroka kwa mwajiri, kipande kinakufuata. Machi 1922 Harry Thuku alipokamatwa kwa kupinga mambo kama hayo, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na wakapigwa risasi. Serikali yenyewe ilikubali kwamba waliokufa ni 21. Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewasuta wanaume kwa woga wao, alikuwa mmoja wao.

Hayo ya risasi tunayajua, shuleni tumeyasoma. Kile ambacho sikuwahi kufundishwa ni hesabu ya mshahara.

Serikali ilipoanza kuweka kima cha chini cha mshahara mijini, ilikadiria mahitaji ya mtu mmoja tu: mwanamume mzima, peke yake. Chakula chake, nguo zake, mafuta ya taa na kuni zake, sabuni yake. Pa kulala palihesabiwa kando, na kwa wengi hapo mahali palikuwa kitanda ndani ya chumba cha watu kadhaa. Mke hayumo kwenye hesabu, na watoto hawamo. Sababu ilikuwa kwamba hao wako reserve na shamba litawalisha, na yeye mwenyewe akizeeka atarudi kulishwa na shamba hilohilo. Kwa hivyo jasho la mama aliyebaki kulima kijijini ndilo lililomwezesha tajiri wa Nairobi kulipa mshahara mdogo. Huo ndio walioita mshahara wa kapera, hata kama huyo kapera alikuwa na mke na watoto watano.

Mwaka wa 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilitoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika. Ilikuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na robo ya wale wa serikali, hawakulipwa pesa za kutosha hata mahitaji ya msingi ya afya, heshima na nguvu za kufanyia kazi. Kamati ikapendekeza hesabu ibadilike polepole, kwa miaka kumi, kutoka ya kapera hadi ya mtu mwenye familia. Soma hiyo tena. Ilichukua kamati, ripoti, na nchi iliyokuwa tayari katika Hali ya Hatari, kwa mkubwa kuandika kwamba mfanyakazi ana watoto.

Niliposoma hapo nilirudi kwenye karatasi yangu. Unga, gesi, tokeni, sabuni. Ilikuwa hesabu ileile. Tofauti ni kwamba hii ya kwangu niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo watu wa zamani waliipiga bila kumuuliza mkoloni. Anza na Pangani, mojawapo ya vijiji vya kwanza vya Waafrika katika mji huu, kilichobomolewa mwaka wa 1939, halafu Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Humo wanawake wengi walikuwa na nyumba zao. Mwanahistoria Luise White aliwahoji baadhi yao katika miaka ya 1970 wakiwa wazee, na walichomsimulia ni zaidi ya biashara ya ngono ambayo watu hupenda kuitaja. Waliuza chai. Waliuza maji moto ya kuoga, chakula kilichopikwa vizuri, kitanda kisafi, na mtu wa kuzungumza naye. Yule mwanamume aliyepigiwa hesabu ya unga na blanketi alitoa shilingi yake kwa hiari ili aitwe jina lake na kuulizwa siku ilikuwaje. Na mwanamke aliyeuza chai hiyo aliweka akiba, akajenga nyumba, akawa mwenye nyumba katika mji ambao haukuwa umemtengea hata kitanda. Sisemi maisha yale yalikuwa matamu. Nasema wote wawili walijua mtu anahitaji zaidi ya kalori.

Shuka Mombasa. Pwani kulikuwa na beni, ngoma ya vyama iliyoanza miaka ya 1890. Vijana walishika ngoma na tarumbeta, wakavaa sare, wakapiga gwaride kama wanajeshi wa Kizungu, wakapeana vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Kulikuwa na Kingi, kulikuwa na Skochi, na ushindani wao ulikuwa moto kuliko debi ya Gor na Ingwe. Wanawake walikuwa na lelemama, vyama vyao wenyewe vyenye vyeo, karamu na majigambo. Mzungu alipoona beni, wakati mwingine alicheka na wakati mwingine aliogopa. Mtu ambaye mchana ni "boi" wa kubeba mizigo, jioni ni admirali. Na chama hicho cha kucheza ndicho kilichomzika mwenzake akifa na kumchangia akiugua. Beni ilisambaa na askari na wabeba mizigo wa vita vya kwanza, ikaenea Tanganyika na bara.

Haya, nisije nikawauzia ndoto. Vyama hivyo pia vilitia watu madeni. Kushindana kwa karamu kulimaliza akiba za watu, na wazee wengi wa dini na wa familia walilalamika kama dada yangu anavyolalamika. Tena kuna hatari kubwa zaidi: raha inaweza kuwa dawa ya usingizi. Baada ya vita vya pili serikali ilijenga kumbi za starehe katika mitaa ya Waafrika, kwa ngoma, sinema na ndondi, ikitumaini kwamba mfanyakazi akicheza ataacha siasa. Walijua wanachofanya. Januari 1947 Mombasa ilikuwa imesimama: wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli na wa majumbani, walikuwa wamegoma pamoja. Chege Kibachia aliyeibuka kiongozi wao alikamatwa Agosti mwaka huohuo, akapelekwa uhamishoni Baringo.

Sasa chukua ukumbi wa Kaloleni. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kama mtaa tofauti, nyumba zilizokusudiwa familia na si makapera, zenye nyasi na miti katikati. Nimepita huko. Paa zimechoka na vibanda vya mabati vimejaza nafasi, lakini miti bado iko, na ukiketi chini yake unaelewa mtu alikuwa ameanza kufikiria kwamba mtoto wa Mwafrika atahitaji mahali pa kuchezea. Ukumbi uko palepale katikati. Ulijengwa kwa burudani. Aprili 23, 1950, ndani ya ukumbi huo, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano akadai uhuru wa Afrika Mashariki, mchana kweupe. Wiki chache baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya wiki moja.

Kwa hivyo dawa ya usingizi haikufanya kazi. Kwa maoni yangu, haikufanya kazi kwa sababu mtu aliyezoea kuketi na wenzake, kucheza nao, kuchanga nao na kuzikana nao, tayari ana chama. Anajua nani anaaminika na pesa. Anajua kupanga umati. Na zaidi ya hayo, ameonja maisha ambayo hayamo kwenye hesabu ya mwajiri, kwa hivyo ana kitu cha kudai. Ukishaamini kwamba unahitaji unga tu, ukipewa unga utashukuru na kunyamaza.

Nilikumbuka Julai 7, 2024, Uhuru Park. Wiki mbili kabla ya hapo vijana wenzetu waliuawa kwenye maandamano, na siku hiyo tukajaa uwanjani kwa tamasha la kuwakumbuka. Kuna waliouliza: mnaomboleza au mnacheza? Tulikuwa tunafanya yote mawili. Watu wa Kingi na Skochi hawangeuliza hilo swali.

Siku hizi ukimuuliza mse yeyote mtaani hali, atakujibu "tunasukuma". Tunajivunia kusukuma. Tunapeana heshima kwa kulala masaa manne na kula mara moja. Naelewa, maana kuna miezi nimeishi hivyo na haikuwa chaguo. Lakini kusukuma kukigeuka kuwa sifa, tunamsaidia mwajiri kupiga hesabu ya kapera. Anayetuambia tuvumilie mshahara mdogo hahitaji tena kamati. Tumeshakubali kwamba sisi ni matumbo na miguu ya kupanda matatu.

Dada yangu nilimjibu wiki chache baadaye, kwa simu. Nilimwambia ana haki kuhusu deni, na kwamba nitalilipa. Nikamwambia pia kuhusu wanawake wa Pumwani na chai yao. Alinyamaza kidogo, halafu akasema yeye mara ya mwisho kucheza ilikuwa kwenye harusi ya binamu yetu, na hakumbuki ni mwaka gani.

Deni bado liko, ingawa limepungua. Karatasi ya hesabu bado naiandika kila mwisho wa mwezi, lakini chini ya sabuni nimeongeza mstari mmoja ambao sikuwa nao: raha, ya watu wawili. Mwezi huu ni mia sita.