Plagi, Msasa na Risasi Iliyokuwa kwa Petroli Yetu

Wasee wa Subaru, leo nitawakanyaga kidogo. Pita Waiyaki Way usiku wa wikendi usikie turbo zikipiga mluzi na ekzosi zikilipuka kama fataki. Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally na Impreza mwaka 1997, hii kitu iko kwa damu. Lakini muulize mwenye gari nafasi ya plagi zake ni milimita ngapi. Atakuangalia tu. Fundi alizipiga msasa, basi.

Huo msasa una historia, na ni historia ya petroli.

Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba ukitia kemikali ya risasi kwa petroli, injini inaacha kugonga. Risasi ya betri, si ya bunduki. Dunia nzima iliimeza, Kenya ikiwemo. Shida ni kwamba risasi haiungui ikaisha. Inaacha ukoko kwa plagi, cheche inapotea njia, gari inakohoa. Kwa hivyo fundi wa zamani alikuwa sawa kabisa: toa plagi, sugua, gonga ule mkono wa pembeni urudi karibu, rudisha. Ncha zilikuwa nene, zilivumilia.

Halafu risasi ikaondoka. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, na kufikia Januari 2006 Kenya ilikuwa imeacha kuiuza. Kampeni ya dunia iliendeshwa na UNEP, hapo tu Gigiri. Sababu haikuwa plagi, ilikuwa watoto: risasi hewani inadumaza ubongo. Bado nashangaa hii hatukufunzwa shule. Algeria ndiyo ilimaliza, 2021.

Petroli ilibadilika, msasa ukabaki. Sasa plagi ya iridiamu ya NGK ina ncha ya milimita 0.6, ya Denso 0.4. Isugue na waya uone kama itabaki kitu.

Na nafasi? Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba presha na upana vikipanda, cheche inahitaji umeme mwingi zaidi kuruka. Turbo ni presha. Injini ya kawaida inaweza kukubali 1.1, ukiongeza presha ya turbo, wengi hushuka hadi 0.8 au 0.7, la sivyo ukikanyaga mafuta inamisi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hivyo gari isiyo na turbo inasamehewa hapa, halafu inaumbuka Mombasa.

Pawa ikipanda sana, chukua plagi baridi zaidi hatua moja. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi: toka 6 uende 7. Plagi moto kupita kiasi inawasha mafuta kabla ya cheche, na pistoni inayeyuka. Hapo unanunua injini.

Kipimo ni kile cha vipande vyembamba vya chuma. Mwambie fundi apime zote nne ukiona, na msasa aache kwa boksi.