Karatasi ya Ijumaa: nani huandika habari za shule?

Wasee, hii baridi ya Julai si mchezo. Naandika haya nikiwa nimejifunga leso ya mathe mabegani, soksi mbili kila mguu, na mkono mmoja nimeuficha kwapani ndo upate joto. Niko Limuru kwa wiki ya pili sasa. Wengi wenu mnajua niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo msiniulize kama ni likizo.

Juzi nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa kwenye ule mkebe wa biskuti ambao, kama nyumba zote za Kenya, haujawahi kuwa na biskuti tangu ufunguliwe. Cheti sikukipata. Nilipata karatasi. Nyingi tu, zimekunjwa mara nne, zimefungwa na raba ya sukuma.

Nikazitambua mara moja. Nilisoma shule ndogo ya kanisa, madarasa manane, kila darasa mkondo mmoja, ukuta wa mbao, mabati juu. Kila Ijumaa jioni tulipewa karatasi ya kupelekea mzazi: habari za wiki. Ukiipoteza njiani, Jumatatu unajieleza.

Nikafungua ya Julai 2012. Inasema hivi, kwa ufupi: Jumatatu asembli ilifanyiwa kanisani kwa sababu ya ukungu. Jumanne darasa la sita waliongoza ibada. Jumatano mechi ya netiboli iliahirishwa kwa sababu ya manyunyu. Wazazi wanakumbushwa kuwa mtoto anaweza kuvaa sweta mbili, bora ya juu iwe ya shule. Sweta tatu zimeokotwa, mwenyewe aje ofisini. Halafu mwisho: tunamshukuru Mungu kwa wiki njema.

Nilicheka pale kwa sweta mbili. Kisha nikaangalia tarehe tena na kicheko kikaisha.

Hiyo ndiyo wiki ambayo Alhamisi asubuhi, ndani ya lile kanisa, majina ya wenye deni la karo yalisomwa mbele ya shule nzima. Walioitwa walitoka mmoja mmoja. Mmoja wao tulikuwa tunakaa dawati moja. Alichukua begi, akaniachia rula yangu aliyokuwa ameazima, akaingia kwenye ukungu. Wengine walirudi wiki iliyofuata. Yeye hakurudi. Karatasi inajua sweta tatu zimeokotwa. Haijui kwamba mtoto amepotea.

Sasa, nyinyi mnanijua. Kitu kikinikwaruza, lazima nikitafutie historia. Nikajiuliza: hii tabia ya shule ya kikristo kuandika habari zake, nani alianza huku kwetu? Na je, wakati wote imekuwa mwalimu mkuu akiandikia wazazi kwamba mambo ni sawa?

Jibu likanitoa Limuru hadi Zanzibar.

Rudi mwaka 1857. David Livingstone anahutubia Cambridge, anawaambia wasomi waende Afrika. Kikazaliwa chama cha wamisionari wa vyuo vikuu, wenyewe wanakiita UMCA. Kwanza walienda huko ambako leo ni Malawi, mambo yakawaharibikia, askofu wao akafa mwaka 1862. Askofu aliyemfuata, Tozer, akaamua kuanza upya Zanzibar. Alifika mwaka 1864 akiwa na rafiki yake Edward Steere.

Na wanafunzi walitoka wapi? Hapa ndipo hadithi inakuwa nzito. Hakuna mzazi aliyewapeleka shule. Sultani Majid aliwapa Tozer wavulana watano waliokuwa wamenyang'anywa wafanyabiashara wa watumwa. Watano. Hiyo ndiyo shule. Baadaye manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi baharini, na baadhi ya watoto walioshushwa wakaletwa kwa wamisionari. Wavulana wakawa Kiungani, nje kidogo ya mji. Wasichana wakawa Mbweni.

Fikiria uko kwenye darasa hilo. Jirani yako ni Myao, nyuma yako Mmakua, kila mtu ametoka na lugha yake na kwao kwake, na hakuna hata mmoja anayejua kama mama yake yu hai. Mnachoshiriki ni Kiswahili mnachojifunza pamoja. Na mnajifunza kazi pia. Steere alikuwa na mtambo wa kuchapisha, na wavulana walifundishwa kupanga herufi za chuma moja moja na kupiga chapa. Mvulana aliyeuzwa sokoni jana, leo anapanga maneno.

Shule ilikuwa na ratiba yake: sala asubuhi, masomo, kazi, sala jioni. Mpira pia ulichezwa. Na baridi je? Pwani ina kipupwe, hii hii miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma. Si baridi ya Limuru, tusidanganyane, hakuna mtu aliyevaa sweta mbili Zanzibar. Lakini ni katika kipupwe, tarehe 5 Juni 1873, ambapo Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Kwa hivyo kulikuwa na watoto darasani Kiungani waliosikia kwamba mahali walipouzwa pamefungwa. Sijui wewe, mimi hiyo naiona kama habari ya wiki.

Twende mwaka 1887. Mwalimu mmoja wa Kiungani, A. C. Madan, yule yule ambaye baadaye alitunga kamusi, alichapisha kitabu cha Kiingereza kilichokusanya maisha ya wavulana wa shule. Lakini walioandika ni wavulana wenyewe, kwa Kiswahili, yeye akatafsiri. Waliandika walivyotekwa, walivyopita mikononi mwa watu hadi pwani, walivyofika kwenye jahazi. Hawa ni watoto wa umri wa darasa la saba, la nane. Kwa wengi wetu insha ya umri huo ilikuwa "Siku ambayo sitaisahau", na tulikuwa tunabuni ajali ya barabarani ili tupate maksi. Wao hawakuhitaji kubuni.

Mwaka uliofuata, 1888, Kiungani ikatoa gazeti. Kwa Kiswahili. Jina lake *Msimulizi*. Ni moja ya magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili duniani, na limetoka kwenye shule ndogo. Ndani yake kulikuwa na habari za shule na za vituo vingine vya misheni, zikiandikwa na watu waliokuwa huko, wakiwemo waliokuwa wanafunzi na sasa ni walimu wa mbali. Fulani amefika salama. Fulani ameoa. Fulani amekufa. Miaka ya 1890 kituo cha Magila, upande wa bara, nacho kikatoa lake, *Habari za Mwezi*.

Ukiyaangalia haraka, ni udaku mtakatifu tu. Lakini kumbuka wasomaji ni akina nani. Ni watu waliopokonywa ukoo. Hawana shangazi wa kuwaambia nani amezaa, hawana mjomba wa kuleta habari za msiba. Gazeti la shule ndilo limekuwa shangazi. Jina lako likiandikwa pale, maana yake kuna watu mahali fulani wanaojua uko hai.

Sasa, kabla mtu hajanijia juu: hapana, sisemi Kiungani ilikuwa mbinguni. Wale watoto watano hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa Wakristo. Walipewa majina mapya. Mmoja wao alikuja kuitwa John Swedi, na baadaye akawa shemasi. Jina lenyewe linakuonyesha mtu aliyeunganishwa katikati. Nidhamu ilikuwa kali. Kile kitabu cha 1887 kilichapishwa Uingereza, kwa wasomaji wa Kiingereza ambao sadaka zao ndizo zilizoendesha misheni, kwa hivyo usitarajie mvulana aandike kwamba anamchukia mwalimu. Na *Msimulizi* lilikuwa gazeti la misheni, mwisho wa siku wenye misheni ndio wenye mtambo.

Hata hivyo kuna kitu kilipita katikati ya hizo sheria zote. Mtoto alipewa kalamu, akaulizwa: wewe ulipitia nini? Na jibu likachapishwa. Mmoja wa wanafunzi wa shule ile, Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo mwaka 1890. Mtu aliyezoea kusimuliwa na wengine huwa hafiki hapo kirahisi.

Na msidhani hii ni mambo ya Zanzibar pekee. Ukipanda matatu Mombasa, ukivuka daraja la Nyali, makanga atapiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" Nilishuka hapo siku moja kununua chaji ya simu, nikaiona kengele yenyewe, imesimama pale barabarani, watu wanapita wakiangalia simu zao. Mimi pia nilipita. Hiyo ni kengele ya Frere Town. Misheni ya CMS ilianzisha makazi hayo mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, wakayaita kwa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kushinikiza biashara hiyo ikome. Kulikuwa na kanisa, kulikuwa na shule, na kengele ndiyo iliyopangia watu siku.

Mtoto mmoja wa Frere Town, James Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mtumwa, aliandika *Uhuru wa Watumwa*, kikatoka mwaka 1934. Kitabu kinawasifu Waingereza kupita kiasi, na kimekosolewa kwa hilo. Lakini bila yeye kukaa chini na kuandika aliyosikia kwa wazazi, ile kengele ingekuwa chuma tu pale stejini.

Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na siyo kubwa. Habari za wiki za shule zinaonekana kama takataka ya ofisi. Baada ya miaka kumi, ndizo ushahidi pekee kwamba wiki hiyo ilikuwepo. Kwa hivyo aliyeshika kalamu ndiye anayeamua nani alikuwepo. Wale watoto wa Kiungani, waliokuwa hawana kitu, wameacha simulizi tunazoweza kusoma zaidi ya miaka 130 baadaye. Rafiki yangu wa dawati, aliyekuwa na mama, na shamba la robo ekari, na jina kwenye rejista, hana hata sentensi moja kwenye karatasi ya Ijumaa ya 2012.

Au ndivyo nilivyodhani.

Kwa sababu mathe ni mtu wa kubana. Hatupi karatasi yenye upande mmoja mweupe. Nilipoigeuza ile ya Julai, nyuma kulikuwa na mwandiko wake wa penseli. Hesabu ya maziwa: Jumatatu lita tatu, Jumanne lita tatu, Jumatano mbili kwa sababu ng'ombe alikuwa mgonjwa. Chini ya maziwa ameandika jina la mama ya rafiki yangu, halafu: 500, ya shule. Mstari chini yake: imebaki 2,300.

Nikampelekea jikoni. Alikuwa anachambua njegere. Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia.

"Tulichanga wanne," akasema. "Haikutosha."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa na miaka kumi. Ungefanya nini, uuze rula?"

Nikakaa kimya. Mvua ilikuwa inanyunya kwenye mabati. Miaka yote nimekuwa nikisimulia kwamba mtu alitoka kanisani na kijiji kizima kikaendelea kunywa chai. Kumbe kuna akina mama wanne waliozunguka jioni hiyo hiyo kwenye matope, kila mmoja na alichonacho, wakakosa 2,300. Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya wiki, na aliyeiandika ni mwanamke aliyekuwa anahesabu maziwa.

Rafiki yangu yuko hai, nitawaambia hilo. Anauza mkaa karibu na stesheni. Hatujaongea vizuri kwa miaka. Jumamosi nitashuka kwake na hii karatasi, nimwonyeshe upande wa nyuma, nimuulize kama naweza kuandika upande wake wa hadithi, au, bora zaidi, kama anataka kuiandika mwenyewe. Akikataa, basi, ni haki yake, na jina lake sitalitaja popote.

Na wewe, hii baridi ikikufungia ndani wikendi, fungua mkebe wa biskuti wa kwenu. Soma zile karatasi. Kisha zigeuze, na kama shosho au guka bado yupo, kaa naye karibu na jiko umuulize kilichoachwa. Uandike. Hata kwa penseli.