Mizabibu ya Vijiji Vidogo: Habari za Divai katika Nchi ya Italia

Kila siku Padre asimamapo altareni huchukua mkate na divai. Habari za mkate twazijua, kwa kuwa unga tumeuzoea nyumbani. Lakini habari za divai wengi wetu twazijua haba. Sheria ya Kanisa yaamuru kwamba divai ya Misa iwe ya asili, itokayo katika tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Amri hii ni fupi, walakini nyuma yake iko kazi ya mikono mingi na ya miaka mingi. Ndiyo maana imefaa, katika kitabu hiki cha jubilei, kusimulia kidogo habari za mizabibu ya Italia, nchi iliyotuletea wamisionari wengi.

Mtu aendaye kuhiji Roma, akiwa na siku chache za ziada, aghalabu hupelekwa kuona mashamba yenye sifa kubwa, kama ya Chianti au ya Barolo. Hayo ni mazuri, wala hatuyadharau. Lakini atakaye kujua jinsi mzabibu ulivyotunzwa tangu zamani, na afike pia katika vijiji ambavyo majina yake hayatajwi sana. Huko ataonja divai asiyoweza kuipata penginepo, na tena atajifunza jambo kubwa zaidi, yaani kwamba kitu chema hakidumu kwa sababu ya sifa, bali kwa sababu yuko mtu akitunzaye kila siku.

Kwanza tukumbuke asili ya mambo. Dola la Roma lilipoanguka, mashamba mengi yaliachwa yakaota magugu. Watawa walikuwa miongoni mwa walioyarudishia uhai, kwa kuwa kila palipojengwa kanisa palihitajiwa divai ya Misa. Mtakatifu Benedikto, aliyeanzisha monasteri ya Montecassino yapata mwaka 529, katika Kanuni yake aliwaruhusu watawa kipimo kidogo cha divai kwa siku, akawaonya wasizidishe. Basi kila monasteri ikawa na shamba lake, na maarifa ya kupogoa, kukamua na kutunza mapipa yakapita kutoka kwa mzee hata kwa kijana, kama yapitavyo mafundisho ya imani.

Mfano mmoja tunao kaskazini kabisa, karibu na mji wa Bressanone, katika milima ya Alpi, ambako watu wengi husema Kijerumani. Hapo ipo abasia ya Novacella, iliyoanzishwa mwaka 1142 na Mwenye Heri Hartmann, Askofu wa mji ule, akaiweka mikononi mwa Wakanoni wa Mtakatifu Augustino. Mashamba yake yako juu sana, mita zaidi ya 600 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo baridi ni kali. Kwa hiyo hupandwa hasa zabibu nyeupe ziwezazo kuvumilia, kama Sylvaner na Kerner. Mwaka 1807 serikali ya Bavaria, iliyotawala huko wakati ule, iliifunga abasia. Lakini mwaka 1816 wakanoni walipata ruhusa ya kurudi, wakaanza tena kazi zao. Mgeni afikaye leo huonyeshwa kanisa na maktaba, kisha huonjeshwa divai. Miaka tisa ya kufungwa ingetosha kulimaliza lile lililojengwa kwa miaka zaidi ya 600, lau wasingalipatikana watu wa kurudi na kushika jembe.

Baadaye likaja pigo kubwa kuliko amri za serikali. Mdudu mdogo sana, aitwaye filoksera, alitoka Marekani pamoja na miche ya mizabibu, akaenea Ulaya kuanzia miaka ya 1860. Hunyonya mizizi hata mti ukafa. Katika Italia alionekana mwaka 1879. Dawa za kumwua hazikufaa vya kutosha. Mwisho wataalamu waligundua kwamba mizabibu ya Marekani yaweza kumstahimili. Basi wakachukua mashina ya mizabibu ile, wakaunganisha juu yake vikonyo vya mizabibu ya kwao. Hivyo mizabibu ikapona. Lakini hasara haikuisha. Wakulima walipopanda upya, wengi walichagua aina zizaazo sana tu, na zile aina za zamani zizaazo haba zikaachwa. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wengi walihama mashamba wakaenda kufanya kazi katika viwanda vya Torino na miji mingine. Vilima vikabaki na wazee.

Katika hali hiyo yatupasa kusimulia habari za Padre mmoja. Katika jimbo la Piemonte, karibu na mji wa Asti, kipo kijiji kiitwacho Castagnole Monferrato. Huko huota zabibu nyekundu iitwayo Ruchè, ambayo divai yake yanukia kama maua ya waridi. Wenyeji waliijua tangu zamani, wakawa wakitengeneza kidogo tu, kwa kunywa siku za sikukuu. Wafanya biashara hawakuijali. Mwaka 1964 aliletwa paroko mpya, Padre Giacomo Cauda. Parokia ilikuwa na shamba dogo, na ndani yake mlikuwa na mizabibu ya Ruchè. Padre huyu, badala ya kuliacha lichakae, alilishika mwenyewe. Akalima, akapogoa, akakamua zabibu, akatia divai katika chupa na kuiuza, na mapato yakaifaa parokia. Majirani walipoona kwamba divai ya paroko yapendwa, nao wakaanza kupanda upya zabibu ya babu zao. Mwaka 1987 serikali ikaitambua divai ile kwa jina la kijiji, na mwaka 2010 ikaipa daraja la juu kabisa katika sheria ya divai ya Italia. Leo hulimwa katika vijiji saba tu, wala hakuna mtu wa Castagnole asiyekumbuka ni nani aliyeanza.

Kimoja cha vijiji hivyo saba ni Portacomaro. Wakristo watapenda kujua kwamba ukoo wa Baba Mtakatifu Fransisko ulitoka huko; babu yake pamoja na jamaa yake walihamia Argentina mwaka 1929. Baba Mtakatifu, aliyefariki mwaka 2025, alikizuru kijiji hicho mwezi wa Novemba mwaka 2022. Hivyo vilima vile vilivyoachwa na watu kwa ajili ya kutafuta riziki ng'ambo ya bahari vilipata kumwona mwana wa waliohama akirudi katika vazi jeupe.

Tukishuka kusini, katika jimbo la Umbria, twafika Montefalco, mji ulio juu ya kilima, mji wa Mtakatifu Klara wa Montefalco, mtawa aliyefariki mwaka 1308. Katika kanisa la Mtakatifu Fransisko la mji huo, mchoraji Benozzo Gozzoli alichora ukutani maisha ya Mtakatifu huyo mwaka 1452. Zabibu ya hapo huitwa Sagrantino, na wengi husema jina hilo lina ujamaa na neno la mambo matakatifu. Zamani wenyeji walikausha zabibu zile kwanza, wakatengeneza divai tamu ya kunywa siku za Pasaka na sikukuu nyingine. Nayo ilikaribia kupotea. Lakini tangu miaka ya 1970 wakulima wachache waliishughulikia tena, na mwaka 1992 nayo ikapewa daraja lile la juu.

Toka huko msafiri huweza kuelekea Montefiascone, juu ya ziwa la Bolsena, katika njia ya kale ya mahujaji. Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipita hapo yapata mwaka 990 akirudi kutoka Roma, akaandika vituo vyake vyote. Wenyeji husimulia hadithi ya mwaka 1111, mfalme Henry wa Tano alipokwenda Roma kutiwa taji. Yasemekana kwamba mkubwa mmoja wa kanisa katika msafara wake alimtanguliza mtumishi kuonja divai za njiani, na kila alipoipata njema aandike mlangoni neno la Kilatini Est, maana yake Ipo. Mtumishi alipofika Montefiascone aliandika mara tatu. Bwana wake alifika, akanywa kupita kiasi, akafa. Na kaburi lake laonyeshwa hata leo katika kanisa la Mtakatifu Flaviano. Kama hadithi ni kweli au si kweli, watu wa mji ule huwacheka wageni kwa hiyo, na huku wanawaonya.

Mwisho wa safari ni kisiwa cha Pantelleria, kilicho karibu na Tunisia kuliko Sisilia. Upepo wa huko ni mkali mno. Kwa hiyo mkulima huchimba shimo, akapanda mzabibu ndani yake, akauzuia usirefuke, ukawa kama kijiti kidogo kilichojificha. Kazi yote hufanywa kwa mikono. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandika desturi hii katika hesabu ya urithi wa wanadamu. Zabibu ya kisiwa hiki huitwa Zibibbo, jina lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya zabibu kavu, kwa kuwa Waarabu walikitawala kisiwa kabla ya Wanormani kukitwaa mwaka 1123. Enyi walimu, waonyesheni watoto jambo hili: neno letu la Kiswahili, zabibu, limetoka katika chemchemi hiyohiyo. Mkulima wa Pantelleria na mtu wa pwani yetu hawajapata kuonana, lakini wote wawili waliita tunda hilo kwa neno moja.

Yafaa pia kusema namna ya kuonja. Katika mashamba madogo mwenye mali mwenyewe, au mkewe, ndiye apokeaye wageni. Kwa hiyo ni adabu kumpa habari kabla, wala si vema kumjia wakati wa mavuno, kati ya Agosti na Oktoba, akiwa na kazi nyingi. Sheria ya mwaka 1999 iliruhusu kuwekwa Njia za Divai, zenye vibao vya kumwongoza mgeni kutoka shamba hata shamba. Mgeni hupewa kidogo tu katika bilauri. Hutazama rangi, hunusa, kisha huonja, pamoja na mkate na jibini. Aonjaye nyingi hutema katika chombo kilichowekwa, wala mwenye nyumba hachukizwi. Na aendeshaye gari asionje hata tone. Kuonja si kulewa. Mlevi hatambui tofauti ya kilima na kilima.

Nasi katika Tanzania hatuko mbali na habari hizi. Katika miaka ya 1950 wamisionari walipanda mizabibu huko Bihawana, karibu na Dodoma, katika nchi kavu ya Wagogo. Mizabibu ikakubali udongo ule, hata leo huzaa mara mbili kwa mwaka, ambapo Italia huzaa mara moja tu, na wakulima wengi wa Dodoma hupata riziki yao humo.

Basi katika jubilei hii tutazame nyuma yetu. Makatekista waliofundisha chini ya miti, akina mama waliofagia kanisa, wazee waliobeba matofali, majina yao hayamo katika vitabu vikubwa, kama vile Castagnole haimo katika orodha za wafanya biashara. Lakini shamba la parokia likikosa mtu wa kulipogoa hata miaka michache, miiba haingoji. Kila mmoja na atazame shamba alilokabidhiwa, darasa au kigango au nyumba yake, alishike jembe lake mapema, ili watakaofanya jubilei baada yetu wakute mzabibu ungali ukizaa.