Kipande cha Pemba na Safari Zisizo na Daftari

Sisi tunaoishi Moshi tuko mbali na bahari, lakini hatuko mbali na mikasa ya vyombo vinavyoondoka visifike. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliondoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ikiwa na watu 20. Haikutua Nairobi. Kwa siku kadhaa haikujulikana ilipo, mpaka mabaki yake yalipoonekana kwenye miamba ya Mawenzi. Hakuna aliyepona. Mwezi Novemba 2008 ndege ndogo iliyobeba watalii wanne kutoka Italia iligonga Mawenzi hiyo hiyo; watalii wote wanne walikufa, rubani akaokoka.

Ajali mbili katika kilele kimoja, zikiachana kwa zaidi ya nusu karne, zimetosha kuzaa nadharia. Mjini hapa nimesikia walau tatu. Ya kwanza inasema mlima una sumaku inayovuta ndege. Ya pili inasema mlima una wenyewe, nao hawapendi kupitiwa juu ya vichwa vyao. Ya tatu imetua kwetu kwa njia ya simu za mkononi: kwamba Kilimanjaro ni “Bermuda ya Afrika”. Msomaji asinielewe vibaya, siwacheki wanaozisema. Mtu aliyepotelewa hutafuta maelezo yenye uzito unaolingana na msiba wake, na sababu ndogo humwonea haya kuisikia. Lakini historia ina utaratibu wake wa kuuliza, na mahali pa kuanzia ni ramani.

Chukua rula, uunganishe Dar es Salaam na Nairobi kwa mstari ulionyooka. Mstari huo utapita mashariki ya Mawenzi, si mbali nayo. Mawenzi ina urefu wa mita 5,149. Dakota haikuwa na chumba kilichofungwa hewa, kwa hiyo haikuwa ndege ya kuwapandisha abiria juu ya kilele kama hicho na kukaa huko. Ilipaswa kuuzunguka mlima. Na mwezi Mei, kila mkulima wa kihamba anajua, ni masika: mlima unaweza kujifunika wiki nzima tusiuone hata sisi tulio chini yake. Ndege iliyopotoka kidogo kutoka kwenye njia yake, ndani ya wingu, jirani na ukuta wa jiwe, haihitaji sumaku. (Ni kweli kwamba miamba ya volkano ina usumaku, ukiweka dira juu ya jiwe la namna hiyo inaweza kukudanganya. Lakini kuidanganya dira iliyolazwa juu ya jiwe ni kazi moja, na kuivuta ndege iliyo angani kilomita nyingi kutoka hapo ni kazi nyingine kabisa.)

Hiyo Bermuda yenyewe tunayoiazima jina si ya kale kama tunavyodhani. Jina la “Pembetatu ya Bermuda” lilianza mwaka 1964 katika makala ya mwandishi wa Marekani, Vincent Gaddis, na likaenea duniani kwa kitabu cha Charles Berlitz cha mwaka 1974. Mwaka uliofuata Larry Kusche, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, alichapisha jibu lake. Kazi aliyoifanya haikuwa na mbwembwe yoyote. Alitafuta magazeti ya tarehe zilizotajwa, taarifa za hali ya hewa na ripoti za uchunguzi, akaketi akasoma. Akakuta kwamba meli iliyosemwa ilitoweka bahari ikiwa shwari ilipotea wakati wa dhoruba. Nyingine ilipotelea mbali kabisa na Bermuda. Nyingine hakuona ushahidi wowote kwamba iliwahi kuwapo. Hata zile ndege tano za jeshi la wanamaji la Marekani zilizopotea tarehe 5 Desemba 1945 zikiwa na watu 14, ambazo ndizo nguzo ya hadithi nzima, zina mazungumzo ya redio yanayoonyesha kiongozi aliyepoteza mwelekeo, giza likiingia na mafuta yakipungua. Mkutubi huyu ndiye shujaa wangu, na ninakiri kwamba namsifu pia kwa sababu ya upendeleo wa fani.

Hata hivyo, kuna shaka ya namna nyingine ambayo Kilimanjaro inaifahamu vizuri. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, akaandika alichokiona. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani, kwa hiyo Rebmann ameona vibaya. Aliendelea kukataa hata baada ya Baron Carl Claus von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1862 na kunyeshewa na theluji yenyewe. Cooley alikuwa na shaka, tena shaka kali. Alichokosa ni nia ya kuangalia. Na Rebmann alipokea huku habari nyingine inayonigusa zaidi: kwamba Mangi Rengwa wa Machame aliwahi kutuma watu wakachunguze kile kitu cheupe kilichoko juu, nao hawakurudi, isipokuwa mmoja aliyerejea mikono na miguu ikiwa imeharibika. Waliobaki chini walisema ni kazi ya pepo. Ilikuwa baridi. Lakini tazama ni nani aliyekuwa karibu na ukweli: watu wa Machame walijua kwamba juu kuna kitu kinachoua, na walijua kinaharibu viungo gani. Maelezo yao yalikosea. Ushahidi wao ulikuwa sahihi. Cooley alitupa vyote viwili.

Nimeyasema haya ya mlimani ili nifike baharini, maana kisa kikubwa zaidi cha kutoweka katika zama zetu kimefika mpaka kwenye fukwe zetu, na ninashangaa jinsi tunavyokizungumza kama jambo la mbali.

Usiku wa tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia Airlines, safari MH370, iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239. Haikupita saa moja ikanyamaza. Rada ya jeshi la Malaysia ilikuwa imeona chombo kikigeuka na kurudi magharibi, lakini kwa siku kadhaa meli na ndege za utafutaji ziliendelea kuhangaika katika Bahari ya Kusini ya China. Waziri mkuu alipojitokeza tarehe 15 Machi na kusema kwamba mwendo wa ndege ulionyesha kitendo cha makusudi, wiki nzima ilikuwa imekwisha. Katika wiki hiyo ndimo nadharia zilimozaliwa: imetunguliwa, imetekwa na kutua Asia ya Kati, imefichwa Diego Garcia, kambi ya jeshi la Marekani katikati ya Bahari ya Hindi. Wenye mamlaka hupenda kulaumu “wazushi wa mitandaoni”. Sikatai kwamba wazushi wapo, lakini uzushi ule ulipandwa katika shamba lililoachwa wazi na wale waliokuwa na taarifa wakazikalia.

Baadaye ishara za setilaiti, ambazo ndege iliendelea kuzijibu kwa saa kadhaa baada ya kunyamaza, zilionyesha kwamba ilielekea kusini mwa Bahari ya Hindi. Kwa wengi hiyo haikuwa hoja. Hesabu za setilaiti hazishikiki mkononi. Kisha Julai 2015 kipande cha bawa kikaokotwa kisiwani Réunion. Na mwezi Juni 2016, miezi 27 baada ya ndege kupotea, kipande kingine kikubwa kikapatikana Pemba.

Naomba tusimame hapa kidogo. Pemba ina sifa ya uganga na majini ambayo Wapemba wenyewe wamechoka nayo. Kama kungekuwa na mahali ambapo kisa hiki kingeongezewa moshi wa ubani, ni hapo. Kilichotokea ni kinyume chake. Kipande kilipelekwa Australia, wachunguzi wakakigeuza, wakakuta namba na mihuri ya kiwandani. Muhuri mmoja ulikuwa na tarehe: 23 Januari 2002. Ndege iliyopotea ilikabidhiwa kwa wenyewe tarehe 31 Mei mwaka huo huo. Kiwanda cha Italia kilichokitengeneza kilifungua kumbukumbu zake na kuthibitisha kwamba namba zile zote zilikuwa za kibawa kimoja, sehemu ile ya nyuma ya bawa ambayo rubani huishusha anapotaka kutua, na kwamba kibawa hicho kilifungwa kwenye ndege hiyo na si nyingine. Uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba wakati kinang'oka, yaelekea kilikuwa kimekunjwa. Yaani ndege haikuwa imetayarishwa kutua.

Nahodha yeyote wa pwani angeweza kueleza jinsi kilivyofika. Mkondo wa bahari wa ikweta, upande wa kusini, unasukuma maji kutoka mashariki kuja Madagaska na pwani yetu. Bahari hiyo hiyo ilileta watu: lugha ya Madagaska ni ndugu wa lugha za Borneo. Bahari ya Hindi imekuwa ikituletea vitu kutoka huko tangu kabla hatujaitwa Waswahili.

Sasa, mwenye shaka wa kweli anapaswa kuwa mwaminifu kwa pande zote mbili. Hatujui kwa nini ndege ile iligeuzwa. Eneo la kilomita za mraba 120,000 chini ya bahari lilipekuliwa mpaka Januari 2017 bila mafanikio. Kampuni binafsi ikaendelea mwaka 2018, nayo haikuona kitu. Na ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 ilikiri kwamba haikuweza kubaini sababu. Lakini “hatujui kwa nini” si sawa na “lolote linawezekana”. Kipande cha Pemba kimefunga milango mingi. Ndege ambayo kibawa chake kimeelea mpaka Pemba haijaegeshwa salama katika kambi yoyote.

Na hapa ndipo moyo wangu unapokuwa mzito. Kisiwa kilichopokea kipande hicho kilikuwa bado kinaomboleza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na idhini ya kubeba watu mia sita na kitu. Tume iliyoundwa Zanzibar ilieleza mwaka 2012 kwamba ndani yake mlikuwa na abiria 2,470. Maiti 203 walipatikana. Zaidi ya watu 1,300 hawakuonekana tena. Wapiga mbizi walishindwa na kina na nguvu ya mkondo.

Linganisha idadi hizo mbili: 239 na 1,300. Kwa wale wa kwanza dunia inayo majina yote, namba za viti, hata shehena iliyokuwa chini ya miguu yao. Kwa hawa wa pili hata idadi tunayoitaja haikutoka katika daftari la abiria, maana daftari lingesema kweli meli isingeruhusiwa kung'oa nanga. Hakuna aliyetunga filamu ya kutoweka kwao, wala aliyewaita fumbo. Na kweli si fumbo: sababu inajulikana, ni ujazo uliopita kiasi na watu walioufumbia macho bandarini. Lakini kutoweka wametoweka, tena kuliko abiria wa MH370.

Haikuwa mara ya kwanza. MV Bukoba ilipozama jirani na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Hesabu ya waliokufa inatajwa mpaka leo kwa neno “takriban”: takriban 800, wengine husema zaidi. Miongoni mwa waliozama alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa waasisi wa al-Qaeda, aliyesafiri kwa jina jingine. Wenzake hawakuamini kwa urahisi. Walituma watu wao Ziwa Victoria kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Ushahidi huo ulikuja kutolewa mahakamani New York, katika kesi ya mabomu ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam. Nimewahi kuusoma nikabaki kimya kwa muda. Kundi la magaidi lilikuwa na sababu na fedha za kumtafuta mtu mmoja katika meli ile. Mama wa Kemondo aliyempakia mwanawe daraja la tatu alirudi nyumbani kusubiri.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu zoezi la kukusanya majina, kwa sababu katika vyuo vya Moshi tunao vijana wa Kagera, wa Mwanza na wa Pemba, na wengi wana ndugu aliyebaki majini. Fomu tuliyoichora ina safu tano: jina kamili, umri, bandari alikopandia, nani aliyemsindikiza, na namba ya tiketi. Safu nne za kwanza zinajazwa haraka, mara nyingine kwa maelezo marefu kuliko nafasi iliyopo, mpaka rangi ya shati alilovaa. Ya tano inarudi wazi, au imeandikwa kwa kalamu ya risasi: “alilipia ndani”.